Posa kwenye Ua wa Brugge

Asmahan ndiye aliyepanga viti vya basi, na Mwanamkasi akawekwa nyuma kabisa, ubavuni mwa choo.

Alipiga bismillahi, akakusanya buibui lake, akakaa na kapu la katlesi miguuni. Mbele kulijaa kina mama wa darasa la Ijumaa, wale wale wa mtaa wa Alum Rock, Birmingham, aliofuturu nao na kulia nao misiba miaka yote. Safari hii walimpa salamu ya juu juu, kisha wakageuza shingo. Mmoja alicheka, mwenziwe akamfinya anyamaze. Mwanamkasi akajua kuna jambo limeshasemwa, na limesemwa juu yake.

"Wifi, hapo umepata pazuri!" Asmahan alimwita toka mbele, kipaza sauti cha dereva mkononi. "Karibu na msalani. Mtu mzima hakosi haja."

Wakacheka basi zima.

"Alhamdulillahi," Mwanamkasi akajibu bila kunyanyuka. "Na wewe umepata kipaza sauti. Kila mtu na haja yake."

Kicheko kikakatika. Asmahan akakaa chini, na hakumwita tena mpaka bandari ya Dover.

Aliyekaa naye ni Zilpah, jirani yake wa Bordesley Green, Mkenya, kazi yake kutunza wazee majumbani. Zilpah ni Mkristo na hakuwa na habari yoyote na darasa. Alipata kiti kwa sababu kilibaki, naye alitaka kuuona Brugge, mji wa Ubelgiji.

"Mama, hawa watu wako leo wako na nini?" Zilpah aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wana safari."

"Hii si safari. Hii ni kama matanga."

Mwanamkasi alijua wana nini, ila hakupenda kulisema kwa mdomo wake. Asmahan alikuwa dada wa marehemu mumewe, Abdulnasir. Walikuwa na kaka yao mkubwa, Vuai, mtu mzima aliyefiwa na mke, kisha akapooza upande mmoja. Vuai aliletwa kukaa chumba cha chini nyumbani kwa Asmahan. Hawezi kuoga mwenyewe wala kwenda chooni mwenyewe, na dada haruhusiwi kumvua nguo kaka yake. Basi kazi ile ikamwangukia mume wa Asmahan, ambaye alikuwa akifanya kazi ya usiku kiwandani, na mume wa Asmahan ameshachoka, na kila asubuhi anasema amechoka. Dawa ni mke. Mke ndiye anayeweza kumwosha mwanamume bila dhambi wala aibu. Na mke alikuwa yupo, mjane, mzima, hana mtoto, na ameshazoea kazi yenyewe.

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma Mwanamkasi. Kweli ameshazoea. Abdulnasir aliugua muda mrefu kabla Mwenyezi Mungu hajamchukua, na ni yeye aliyemnyanyua, aliyempimia maji kwa kiwiko, aliyemgeuza kitandani asitoke vidonda. Alifanya yote yale kwa sababu alikuwa Abdulnasir. Alipomaliza eda, alilala usingizi ambao hakuwahi kuulala tangu aje Uingereza. Sasa ana nyumba yake ndogo aliyopangishwa na council, serikali ya mji. Huamka mwenyewe kusali kabla ya alfajiri, hufungua mlango mwenyewe na kuufunga mwenyewe. Akiolewa na Vuai atahamia Alum Rock, nyumba airudishe kwa council, na funguo hatazishika tena.

Tatizo ni kwamba hakuwahi kukataa waziwazi. Kila Asmahan alipoligusa jambo, jikoni au kwenye simu, yeye alisema "Tutaona wifi," au "Inshallah Mungu atajaalia," kama mtu mwenye adabu anavyosema asipotaka kitu. Asmahan amezaliwa Unguja kama yeye, alijua maana ya "tutaona." Alijifanya hajui.

Jumapili asubuhi, baada ya kulala hotelini, wakasimama kwenye uwanja mkubwa wa Brugge kumngoja kiongozi wa matembezi. Alikuja mama mmoja mrefu, mkavu, ameshika mwavuli mwekundu uliofungwa, na mvua hamna. Aliwatazama kina mama na mabuibui yao toka juu mpaka chini, akatazama saa yake, akaanza kusema Kiingereza haraka haraka. Papo hapo wakampa jina: Bi Mwavuli.

Mfasiri alikuwa Zainab, binti wa Asmahan, aliyezaliwa Birmingham na kulazimishwa kuja.

"Anasema nini?" Asmahan akamwuliza.

"It's a tower, Mum."

"Maneno yote yale ni mnara tu?"

"It's an old tower."

Bi Mwavuli akaunyoosha mwavuli. Watembee pamoja. Wasile njiani. Wasisimame mbele ya magari ya farasi. Aliyechelewa asingojwe. Alisema kama anayewasomea watu hukumu, kisha akageuka akaenda, na kina mama wakamkimbilia nyuma, viatu vikigonga mawe.

Mji wenyewe ulikuwa mzuri, hilo halina ubishi. Nyumba nyembamba za matofali, mapaa yamekatwa ngazi ngazi, maji ya mifereji yamelala kimya chini ya madaraja. Lakini Mwanamkasi hakuachiwa autazame. Kila Bi Mwavuli alipowasimamisha, Asmahan alimjia ubavuni.

"Wifi, watu wanauliza."

"Wanauliza nini?"

"Mjane anakaa peke yake Bordesley Green. Mlango unafunguliwa saa anayotaka yeye. Watu wana macho."

"Waambie watazame vizuri. Wataniona ninatoa taka."

Asmahan akacheka kwa pua. Kituo kingine, akamjia tena.

"Kaka Vuai kanyolewa juzi. Kashonewa kanzu mpya. Ungemwona ungesema kijana."

"Mungu amzidishie afya."

"Afya mtu haipati akikaa mwenyewe chumbani. Abdulnasir huko aliko anatazama, wifi. Anaona unavyomtupa ndugu yake."

Hapo Mwanamkasi akasimama. Alikuwa amestahimili mengi, ila marehemu kutiwa katika maneno ya njiani, hilo lilimpanda. "Muache Abdulnasir apumzike," alisema. "Nilimuuguza mimi. Wewe ulikuja na matunda."

"We mwanamke!"

"Ladies!" Bi Mwavuli alipiga ncha ya mwavuli juu ya jiwe. Akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu wa zamu. Wakatembea.

Zilpah akamsogelea Mwanamkasi. "Mama, si umwambie tu hapana? Neno ni moja."

"Kwetu si neno moja, mwanangu. Ukishalisema limevunja nyumba."

"Na ukikosa kulisema?"

Mwanamkasi akaongeza mwendo kuufuata mwavuli mwekundu.

Matembezi yaliishia upande wa maegesho ya mabasi. Palikuwa na daraja dogo la mawe, na ng'ambo ya daraja lango kubwa. Bi Mwavuli akawakusanya juu ya daraja, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaipunguza sauti. Zainab alikuwa ameshachoka kufasiri, anachezea simu yake, kwa hiyo Zilpah ndiye aliyemweleza Mwanamkasi.

"Anasema hapa ndani zamani walikuwa wanaishi wanawake pekee. Wajane, na wale hawakuolewa. Si masista, hawakuapa kukaa maisha yote. Walikuwa wanasali, wanafanya kazi na mikono yao, wanajilisha. Jioni lango linafungwa."

"Nani aliyekuwa akiwaozesha?"

Zilpah akasikiliza kidogo. "Hakuna. Mwenye alitaka kuolewa alitoka akaenda akaolewa. Mwenye hakutaka, alikaa."

"Na ndugu wa mume?"

"Hajasema mambo ya ndugu wa mume, Mama."

Bi Mwavuli alikuwa bado hajamaliza. Wale wanawake wa zamani hawapo tena, alisema, sasa mna watawa, na leo ni Jumapili, wamo kwenye ibada. Kwa hiyo kuanzia kwenye lango lile hakuna mtu kusema, hata neno moja, mpaka watoke. Aliweka kidole mdomoni, akawazungushia macho, na macho yakatua kwa Asmahan. Asmahan akaitikia kwa kichwa, mpole kama mwanafunzi. Mwanamkasi aliuona upole ule akashangaa. Mwaka jana Asmahan alikwisha kuja hapa na kundi jingine. Ukimya huu haukuwa mgeni kwake.

Wakaingia. Ulikuwa uwanja mpana wa majani, miti mirefu myembamba imeinama upande mmoja, na kuzunguka uwanja nyumba nyeupe, kila moja na mlango wake. Mwanamkasi alitembea taratibu pembeni akiitazama ile milango. Alimfikiria mwanamke wa zamani, mjane kama yeye, anatoka kwenye mlango ule na ndoo, anarudi, anafunga. Dini yao si dini yake, lakini kufunga mlango ukasali, hilo alilielewa. Kwa mbali zilisikika sauti za watawa zikiimba ndani ya kanisa. Moyo wake ukatulia, mara ya kwanza tangu Birmingham.

Alipogeuka, alikuta kina mama wamemzunguka.

Walisimama duara, wote, wanatabasamu na midomo imefungwa. Mmoja wao, Saido, alikuwa ameinua kamera. Asmahan akafungua mkoba wake, akatoa doti ya kanga mpya, bado haijakatwa, inanukia duka. Ilikuwa kisutu, nyekundu na nyeusi na nyeupe, kanga ya bibi harusi, ambayo mwanamke wa kwao hata akiiona gizani anaijua. Kabla Mwanamkasi hajarudi nyuma, kisutu kilikuwa mabegani mwake.

"Mwanamkasi," Asmahan alimnong'oneza, mdomo karibu na sikio, lakini si karibu sana hata wengine wasisikie. "Kaka yangu Vuai anakuposa. Mashahidi ni hawa. Kama huna neno, tumeridhika."

Mwanamkasi akatazama nyuma ya mabega yao. Bi Mwavuli alikuwa chini ya mti, kidole bado mdomoni, macho makali juu yao. Watawa waliendelea kuimba. Akaupeleka mkono kuiondoa kanga, na Asmahan akaudaka mkono uleule, akaushika kifundo kwa nguvu, na kwa mkono wake mwingine akamsukumia pete kidoleni. Pete ilikuwa ndogo. Ilikwama kwenye kiungo, ikauma.

"Kanyamaza," Asmahan akawanong'oneza wenzake.

"Kanyamaza," Saido akamwambia wa pili yake.

"Kanyamaza. Kashakubali, masikini."

Likazunguka duara zima, mdomo kwa sikio, na mmoja akajiziba kinywa kigelegele kisimtoke. Mwanamkasi akaona jinsi itakavyokuwa. Wataondoka hapa, watapanda basi, na mpaka wafike Alum Rock itakuwa imeshakuwa kweli, kwa sababu watu wengi wamesimama wameona. Atakayesema baadaye ataambiwa amegeuka. Ataambiwa alikuwa na nafasi ya kusema na hakusema.

Wote walisoma chuo cha Kurani, na wote walifundishwa jambo lile lile: mwanamwali akiulizwa akanyamaza, kunyamaza kwake ndiko kuridhia, kwa sababu ana haya, lakini aliyekwisha kuolewa hasemewi na haya yake. Husema kwa ulimi. Asmahan mwenyewe ndiye aliyelisomesha darasani majira ya baridi, na akalirudia.

"Sitaki," alisema Mwanamkasi.

Lilitoka dogo, limekauka.

"Shh! Watu wanasali," Asmahan akamkemea, na kucha zikaingia kwenye kifundo.

Mwanamkasi alikuwa anaogopa kukatiza ibada ya watu. Aliogopa hasa; alilelewa asipite hata mbele ya mtu anayesali. Akavuta pumzi, akamwomba Mola wake msamaha kimoyomoyo, kisha akasema kwa sauti ambayo tangu aje nchi hii hakuwahi kuitoa.

"SITAKI! Mimi si mwanamwali! Nimeolewa na nimezika mume! Nasema kwa ulimi wangu na nyote mnanisikia: simtaki Vuai, na nyumba yangu sihami!"

Njiwa waliruka kutoka mitini. Dirisha moja likafunguliwa juu, mtawa akachungulia. Wageni wengine, wazee wa Kijapani na kofia zao, waligeuka wote kwa pamoja. Mwanamkasi akaivuta kanga mabegani akaitia mikononi mwa Asmahan, na pete akaing'oa kwa meno.

Bi Mwavuli alikuja kwa hatua ndefu, uso umemwiva. "Out," alisema, kwa sauti ya chini kabisa, ambayo ilitisha kuliko angepiga kelele. "All of you. Out." Akawaswaga kwa mwavuli mpaka langoni kama mtu anavyoswaga kuku. Juu ya daraja akasema maneno machache tu: matembezi yamekwisha, na kundi hili asiletewe tena. Akaondoka bila kwaheri.

Ndipo Asmahan alipofungua mdomo.

"Mshenzi mkubwa we! Umenivunjia heshima mbele ya Wazungu! Mbele ya makasisi!"

"Wewe ndiye uliyechagua mahali."

"Nimekutafutia stara! Mwanamke hana mtoto, hana mume, nani anakutaka wewe? Tumekusitiri tukakuona mtu!"

"Mum," Zainab alisema, "she did say no. Like, really loud."

"We nyamaza! Kiingereza chako kapeleke shule!"

Saido akatikisa kichwa. "Lakini Bi Mwanamkasi, hata kama. Ungevumilia tukafika nyumbani ukamwambia pembeni. Kumuumbua mtu hivi!"

"Nyumbani mngesema nimeshakubali."

Asmahan akasogea mpaka pua zao karibu zigusane, machozi ya hasira yamemjaa. "Basi sikiliza. Kuanzia leo wewe si mtu wetu. Kwangu usikanyage. Darasani usije. Ukifa tusiambiwe, usitegemee tukuzike."

"Kunizika ni faradhi juu yenu, wifi, mkipenda msipende," Mwanamkasi akasema. "Kuolewa si faradhi juu yangu."

Akashuka daraja akaelekea kwenye basi. Zilpah akamfuata.

"Mama, umeongea. Haki umeongea," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini umenishtua pia mimi. Nilikuwa nimefunga macho pale, naomba."

"Unisamehe, mwanangu."

"Ni sawa. Mungu alitusikia sote wawili, na wewe zaidi."

Njia nzima ya kurudi hakuna aliyemsemesha. Kwenye meli kina mama walitandika miswala yao pembeni ya ngazi, wakapanga safu, bega kwa bega. Mwanamkasi alipokuja na mswala wake, wa mwisho kwenye safu akatanua viwiko, na aliyemfuatia akasogea kujaza. Nafasi ikafungwa. Akatandika peke yake upande wa pili wa mashine ya vinywaji, akasali safari, akapunguza rakaa, akasikia takbiri za wenzake hatua chache kutoka kwake. Alipotoa salamu, kulia na kushoto hapakuwa na mtu.

Basi liliingia Alum Rock jua likiwa bado liko juu, jua lile la Juni lisilotaka kuzama. Bendera za Uingereza zilining'inia madirishani kwa ajili ya mpira, na maduka ya nguo na mboga yalikuwa wazi. Kutoka kiti chake cha nyuma Mwanamkasi aliona kitu kando ya njia.

Vuai alikuwa pale, kwenye kiti cha magurudumu. Amevaa kanzu mpya na kofia ya viua, ndevu zimechongwa, na mapajani ameshika boksi la halua. Mume wa Asmahan alisimama nyuma yake ameshika kiti. Kumbe walimpigia simu toka hotelini, usiku uliopita, wakamwambia mambo yamekamilika. Yeye Mwanamkasi hajaulizwa, na bwana harusi ameshapewa habari njema.

Kina mama walishuka mmoja mmoja, na hakuna aliyeondoka. Walijipanga kando ya njia wakageuka kutazama mlango wa basi. Kwa kuwa alikaa nyuma, yeye ndiye aliyeshuka wa mwisho, na ikawa kama wote wamemtandikia njia.

"Karibu," Vuai alimwambia. Maneno yalimtoka upande mmoja wa mdomo, polepole. Alikuwa anatabasamu na nusu ya uso. "Karibu, bibi harusi."

Asmahan alisimama ubavuni mwa kaka yake, mikono kifuani. Alikuwa anangoja, na Mwanamkasi alimwelewa: haya sasa, yaseme tena, mwambie huyu.

"Assalamu alaykum, shemeji," Mwanamkasi akasema, akainama kidogo ili asimsemee toka juu. "Wamekwambia nini?"

"Wameniambia umeridhia. Toka jana."

"Jana sikuulizwa. Nimeulizwa leo, nikasema sitaki. Nakwambia mimi mwenyewe usije ukaambiwa vyengine. Sina ubaya na wewe, ila sitakuwa mke wako."

Tabasamu lilimkaa usoni muda kidogo, kwa kuwa uso ule uliopooza ulikuwa mzito kubadilika. Kisha akageuza macho kwa dada yake. "Asmahan?"

Asmahan akatazama barabarani.

"Asmahan. Sasa nani atanikogesha?"

Mume wa Asmahan akaachia mikono ya kiti, akarudi hatua moja nyuma. Mwenye duka la vitambaa lililokuwa kando yao, Bwana Charanjit, aliyekuwa anaingiza majora yake ndani, akasimama na jora mikononi.

Mwanamkasi aliiona mikono yake mwenyewe. Ilijua kila kitu: wapi pa kushika chini ya kwapa, maji ya moto kiasi gani, taulo lianzie wapi. Huruma ilimjaa. Kama mtu yeyote angemwomba kwa upole wakati ule, angesema ndiyo. Wallahi angesema.

"Mzee," Zilpah akasema toka nyuma yake, "kuna watu wa council wanakuja nyumbani, asubuhi na jioni, na wanaume pia wako. Hiyo ndiyo kazi yetu. Hata hospitali wanaweza kukuandikia."

"Walisema, na mimi nikakataa!" Asmahan alimrukia. "Kaka yangu haoshwi na makafiri wa mshahara, na mke wa ndugu yake yuko hai, anatembea!"

"Haya," Zilpah akachukua begi lake. "Kafiri amechoka. Anaenda nyumbani."

Lakini Vuai alikuwa amelisikia. "Walisema?" akauliza. "Lini? Mbona sikuambiwa?"

"Kaka, si hapa."

"Anayekoga ni mimi, Asmahan! Si wewe!" Alipiga kiti kwa mkono wake mzima, na boksi la halua likaanguka njiani. Kisha akamgeukia Mwanamkasi, macho yamemwiva, na hasira ile ile ikamfikia na yeye. "Na wewe nenda. Nenda zako! Ndugu yangu alioa jiwe."

"Fi amanillah, shemeji."

Alipita katikati yao. Saido akalivuta buibui lake pembeni lisiguswe. Mmoja akatema mate, hakuona nani. Zilpah akamtangulia, na wakatembea mpaka Bordesley Green.

Wiki ile vyombo vyake vikaanza kurudi.

Kwao mtu akikuletea chakula kwenye bakuli, bakuli hurudi na kitu, hata kama ni ndimu au sukari kidogo. Na mara nyingi halirudi kabisa, linakaa kwako mpaka nawe upike, linakwenda na kuja, ndio ujirani wenyewe. Sasa yalirudi matupu. Hakuna aliyebisha hodi. Asubuhi alifungua mlango akakuta hotipoti na sahani mbili juu ya kizingiti. Jioni ikaja sinia. Kesho yake masufuria, mabakuli ya udongo, kibati cha vileja, birika ambalo alisahau kama ni lake. Mengine hayakuoshwa, mchuzi ulikauka chini, na sufuria lililotoka kwa Asmahan lilitiwa ukoko makusudi.

Darshana, jirani wa nyumba ya pili, alitoka kupeleka taka akavitazama vile vyombo vilivyopangana mlangoni.

"You have party?" akauliza.

"No party," Mwanamkasi akamjibu. "Finish."

Akavikusanya kwa safari kadhaa, akaufunga mlango, akakunja mikono ya gauni. Alitia maji ya moto na sabuni, akavisugua kimoja kimoja, na ule ukoko wa Asmahan akaukwangua kwa kijiko mpaka chini kukang'aa. Hakulia. Alikuwa akileta uradi wake taratibu, kila chombo na subhanallah yake. Adhuhuri iliingia akasali, akarudi kwenye beseni.

Alipomaliza akavipanga kabatini. Aliviingiza vikubwa kwanza, vidogo ndani ya vikubwa, akasukuma, akatoa, akapanga upya. Kabati likakataa kufunga; havikuwahi kukaa humo vyote kwa pamoja. Akaliacha wazi, akatia maji kwenye birika, akaweka chai ya mtu mmoja.